Wajumbe wa Kusadikika na lawama ya wahusika bapa

Lawama inayotolewa mara kwa mara dhidi ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert kuhusu nchi ya kubuni, ni kwamba wahusika wake ni bapa: majina ya majazi, yaani yanayotaja tabia ya mwenyewe, yameshawamaliza. Majivuno anajivuna, Karama ana karama, basi. Lawama hiyo ina ukweli. Humo hutampata mtu anayesitasita, wala mkulima au mwanamke mwenye kauli nzito.

Ila tukumbuke Tanganyika ya 1951, kitabu kilipochapishwa. Serikali ya kikoloni yenyewe iliwapanga watu kwa aina: Mzungu, Mhindi, Mwafrika, kila mmoja na ngazi yake ya mshahara. Shaaban, aliyeanza ukarani serikalini mwaka 1926, aliyaona hayo kila mwisho wa mwezi. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni aliyesimamia kodi, ndiye aliyekuwa pia na madaraka ya hakimu, na katika mahakama za wenyeji mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu. Sasa msome tena Majivuno, waziri anayegeuka mshitaki, na Karama anayeshitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Kwa msomaji wa wakati ule hao hawakuwa vivuli.

Anayenigusa zaidi ni mjumbe. Karama anajitetea siku sita, na kila siku anamsimulia mmoja: huyu katumwa pembe fulani ya dunia, yule mbinguni, mwingine ardhini. Wanasafiri kwa mashaka, wanarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wanatiwa gerezani. Wanaofanana wanachosha, watasema wahakiki. Mimi naona kule kufanana ndiko kunakobeba shitaka lenyewe: mjumbe mmoja akifungwa utasema ana kosa lake, lakini wakifungwa sita, mmoja baada ya mwingine, kosa ni la baraza la mfalme. Kila mjumbe angepewa tabia yake ya pekee, tungeanza kutafuta sababu ya kifungo ndani ya tabia hiyo, na watawala wangepona. Hilo ndilo wahakiki wengi wanalipita haraka.

Novemba mwaka huohuo wa 1951, Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, kaskazini mwa Tanganyika, ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, akarudi bila ardhi.

Kirilo, mjumbe wa kweli, anaipa nguvu hoja yangu, na papo hapo anaipa nguvu lawama nyingine, iliyo nzito kuliko ile ya ubapa. Kitabuni mfalme analainika kwa maneno. Karama anaachiwa na wajumbe wanafunguliwa. Kumweka mtawala wa namna hiyo katika hadithi ya utawala wa dhuluma ni kumpa sifa ambayo Wameru hawakuiona kwa watawala wao. Mjumbe, Shaaban alimchora sawasawa. Mfalme, hakumchora hivyo.