Nyumbani nilijifunza gari, huku nikajifunza barabara

Gari nililojifunzia lilikuwa Peugeot 504 pikapu ya mjomba wangu. Lilikuwa jeupe, ila milangoni rangi ilishaanza kugeuka ya maziwa yaliyolala, na gia zake zilikuwa pembeni mwa usukani. Kirungu cha gia kilikuwa kimeshikwa miaka mingi hata namba zote zikafutika. Aliyelizoea alijua moja iko wapi na rivasi iko wapi. Mgeni alipapasa.

Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa tayari naishi Ujerumani, kwamba 504 ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya, na kwamba zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba mjomba hakumwachia mtu ufunguo, na kwamba jioni moja aliniita akanipa.

Siku ya kwanza injini haikuwashwa kabisa. Aliniketisha kwenye kiti chake, yeye akakaa pembeni, akaniambia nifumbe macho. "Kanyaga klachi. Tia moja. Rudisha. Tia mbili." Tulikaa hivyo karibu saa nzima, mpaka bega la kushoto likaniuma. Nilipofumbua macho ili nichungulie gia, alinirudisha mwanzo. "Gia haitazamwi, mpwa wangu. Macho ni ya njia."

Siku ya tatu ndipo akawasha. Aliniambia nisiguse mafuta, niachie klachi polepole, halafu ninyamaze. Nikaachia. Kwanza hakuna kitu. Kisha mlio wa injini ukashuka, ukawa mzito, boneti ikatetemeka kidogo, na nikahisi chini ya unyayo kama kitu kinanishika mguu kutoka upande wa pili. "Hapo ndipo lilipo gari," akasema. "Kabla ya hapo ulikuwa umekalia kiti tu." Nimeendesha magari mengi tangu siku hiyo, na hakuna sentensi ya udereva niliyoipenda kuliko hiyo.

Asubuhi za baridi ilibidi uvute choki. Petroli ikipoa haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kabureta inapaswa kupeleka mafuta mengi kuliko hewa mpaka injini ipate moto. Ukisahau kurudisha choki, plagi zinalowa, harufu ya petroli inajaa, na hakuna la kufanya ila kusubiri. Na betri ikichoka, tunasukuma. Unatia gia ya pili, unakanyaga klachi, wenzako wanasukuma, gari likishapata mwendo unaiachia ghafla, matairi yanaizungusha injini badala ya stata. Sijawahi kuona mtu akipita gari linasukumwa bila kutua mzigo wake na kuja kuongeza mikono.

Nilipofika Ujerumani nilikuwa na miaka kumi na moja barabarani. Leseni ya nchi kama zetu inatumika huku kwa miezi 6 tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Niliamini ni kukamilisha karatasi. Gari la shule ya udereva lilikuwa na gia sita, kimya kabisa, na upande wa mwalimu kulikuwa na pedali zake mwenyewe. Usukani ulikuwa kushoto, kwa hiyo gia zikahamia mkono wa kulia. Wiki ya kwanza mkono wangu wa kushoto ulikuwa unagonga mlango kila nilipotaka kubadilisha gia.

Mwalimu hakuniuliza hata mara moja kuhusu klachi. Swali lake lilikuwa moja tu, kila kona: nani anapita kwanza? Huku, kwenye makutano yasiyo na alama wala taa, anayetokea kulia kwako ndiye anayetangulia, hata kama yeye anatoka kwenye barabara nyembamba na wewe umo kwenye barabara pana. Anaweza kuwa na baiskeli, anaweza kuwa na lori. Ni haki yake. Kwangu hilo lilikuwa jambo geni, maana mimi nilizoea kwamba haki ya njia ni ya aliyefika kwa nguvu zaidi.

Mtihani wa kwanza nilianguka. Mtahini huku hukaa kiti cha nyuma, humwoni, unamsikia tu anavyoelekeza. Aliniambia nikate kulia. Nilipunguza mwendo, nikashuka gia vizuri kabisa, nikatazama vioo vyote, nikaanza kukata. Gari likasimama ghafla. Mwalimu alikuwa amekanyaga breki yake. Begani kwangu upande wa kulia, pale kioo kisipoonyesha, alikuwa anapita mama kwa baiskeli na mtoto amefungwa kwenye kiti cha nyuma, kofia ya njano kichwani. Mtoto alinitazama. Yule mama hakusimama wala hakujua kilichotaka kumpata.

Nilitakiwa kugeuza kichwa. Sekunde moja. Katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amenifundisha kugeuza kichwa, na mimi nilikuwa najiona dereva.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema madereva wa huku ni wa mashine tu, eti dereva halisi ni wa kwetu. Kwetu tukimsifu mtu tunasema "huyu anajua gari", na ni kweli, analijua. Lakini kujua gari si kujua barabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si kwamba mikono yetu ni mibaya. Tumefundishwa nusu ya kazi. Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959. Kwenye gari la mjomba ulikuwepo, umesukumwa nyuma ya kiti, umejaa vumbi, na sisi watoto tulipanda nyuma wazi, tumeshika vyuma. Mjomba alikuwa ananipenda kwa moyo wote, na hakuna siku aliyonifunga ule mkanda. Hilo linaniuma, na nalisema kwa sababu najua ni nyumba nyingi.

Ila na huku kuna kitu wamekipoteza, na hilo nalo nalisema wazi. Miaka mitatu iliyopita gari langu lilizima kwenye barabara kuu. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikavaa fulana ya kuakisi mwanga, nikaweka pembetatu mbali nyuma ya gari, nikavuka chuma cha pembeni, nikapiga simu. Magari yalipita kwa mamia. Hakuna aliyesimama, na hawakupaswa kusimama, kwa kuwa kusimama pale ni kutafuta kifo. Fundi alipofika alichomeka waya chini ya dashibodi, akasoma namba kwenye kompyuta yake, akasema gari litavutwa. Boneti haikufunguliwa. Nilisimama pale kwenye majani nikamkumbuka mjomba alivyokuwa anainamisha kichwa juu ya injini, ameziba sikio moja kwa kiganja, akisikiliza kama daktari.

Na nchi hii hii ndiyo iliyomtoa Bertha Benz, mke wa Karl Benz, mmoja wa waanzilishi wa gari la petroli. Agosti 1888 alichukua gari la mumewe bila kumwambia, akaenda na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, wakati hakuna mtu aliyewahi kusafiri mbali hivyo kwa gari la petroli. Mafuta aliyanunua duka la dawa. Bomba lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Hakuwa na leseni wala alama za barabarani. Alikuwa na masikio na mikono. Ninapopita njia za kule huwa nawaza kwamba Bertha na mjomba wangu wangeelewana bila mkalimani.

Binti yangu ana miaka 16. Mwakani, akifika 17, sheria ya huku itamruhusu kuendesha akiwa na mtu mzima aliyesajiliwa pembeni yake. Anataka kujifunza otomatiki, na hoja yake ni nzuri: magari ya umeme hayana klachi, kwa nini aumize mguu kwa kitu kinachokufa? Tangu 2021 anaweza hata kufanya mtihani kwa otomatiki na bado akaruhusiwa kuendesha la gia, mradi achukue angalau masomo 10 kwenye gari la gia na kupimwa na shule. Mimi nimemwomba hayo masomo 10. Hatayahitaji labda kwa kazi yoyote. Nataka tu mara moja maishani aachie klachi polepole na asikie gari likimshika mguu.

Likizo iliyopita tulikwenda nyumbani. Ile 504 ipo bado, imewekwa juu ya mawe, matairi hayapo, injini ilishauzwa vipande vipande. Mjomba sasa anatembea kwa fimbo. Binti akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva, akatafuta gia chini, katikati ya viti, hakuiona. Nikanyoosha mkono nimwonyeshe.

"Mwache," mjomba akasema kutoka nje. "Mwambie afumbe macho."

Akafumba. Akakanyaga klachi, mkono wake wa kushoto ukapapasa pembeni mwa usukani, ukakuta kile kirungu kisicho na namba.