Siti mbili za nyuma: Fortuner mpya au Noah?

Ukikunjua safu ya tatu ya Toyota Fortuner na kuikalisha watu, nyuma ya migongo yao inabaki nafasi ya lita 200. Kwenye Prado ya toleo la 150, ile iliyoanza kuuzwa 2009, zinabaki lita 120. Sanduku kubwa la safari, la magurudumu, lina kama lita 90 hadi 100. Maana yake Fortuner yenye abiria saba inabeba masanduku mawili, na Prado moja pamoja na mkoba. Sasa chukua familia ya watu saba inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi mwezi wa Desemba, zaidi ya kilomita 500. Kila mtu ana begi lake, kuna mchele wa bibi, kuna nguo za watoto wa mjomba. Vyote hivyo vinakaa wapi?

Jibu la wengi ni keria. Lakini mzigo wa juu ya paa unasogeza juu kitovu cha uzito cha gari ambalo tayari ni refu kwenda juu, linalala zaidi kwenye kona, na upepo unaongeza ulaji wa mafuta. Tena watu wazima saba wa kilo 75 ni kilo 525 kabla hujapakia hata chupa ya maji. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu, kisha toa hizo 525. Kinachobaki ndicho mzigo wako halali, pamoja na keria yenyewe.

Nafasi hiyo haikubanwa kwa uzembe wa wahandisi. Fortuner imejengwa juu ya chesisi ya familia ya Hilux, na nyuma ina ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu mawili. Gari likigonga shimo, ekseli ile inapanda, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi, na sakafu ya safu ya tatu inakaa juu yake. Siti ikishakuwa karibu na sakafu, magoti ya mtu mzima yanamfuata kifuani. Mtoto wa miaka minane hatalalamika. Shangazi atalalamika kabla hamjafika Chalinze, na ana haki.

Noah ya umbo la 2014 imepangwa vingine kabisa. Injini imelala kukingama, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na ile isiyo ya 4WD (ya kuvuta magurudumu yote manne) haina propela shafti, ile nondo ya kupeleka nguvu nyuma, chini ya sakafu. Sakafu imeshuka, siti ina kimo cha kiti, miguu inaning'inia inavyopaswa. Angalia vipimo: Noah ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695, Fortuner 4,795. Lakini kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, Noah ina milimita 2,850 na Fortuner 2,745. Gari fupi kwa sentimita 10 lina sentimita 10.5 zaidi kati ya magurudumu, na huko ndiko abiria wanakokaa. Watu wananunua gari la familia kwa kutazama boneti, na boneti haibebi mtu.

Tatizo la Noah ni jina. Kwetu imekuwa gari la abiria la vijijini, la kubananishwa, na mtu aliyepandishwa cheo anaona aibu kuonekana nalo. Aibu hiyo inaigharimu familia fedha nyingi. Mlango wa kuteleza unafunguka kwenye maegesho yaliyobana bila kugonga gari la jirani, na bibi mwenye magoti mabovu anaingia kwa hatua moja fupi bila kushikwa mkono. Kwa mizigo siti zote zikiwa na watu, Noah nayo haina la kujivunia sana, ila sakafu yake ya chini inaruhusu kupanga mabegi kwenda juu.

Hoja ya gari la juu ipo, na ni nzito pale barabara inapoisha. Noah ina kama milimita 160 tu kutoka ardhini ikiwa tupu. Ikijaa watu saba mkia unashuka, na cha kwanza kukwaruza ni eksozi. Mwenye nyumbani kwake juu ya milima ya Lushoto, barabara ya udongo mwekundu wakati wa masika, anahitaji gari linalovuta magurudumu yote manne na lenye gia ya nguvu.

Kununua gari jipya badala ya lililotumika Japani nako kuna faida halisi, hasa kwa dizeli. Prado za dizeli zilizouzwa Japani kuanzia 2015 zina chujio la masizi kwenye eksozi na tangi la AdBlue, kimiminika cha kupunguza sumu kwenye moshi. Chujio hujisafisha kwa kuunguza masizi, na linahitaji mwendo mrefu wenye joto. Kwenye foleni ya Mbagala kazi hiyo haimaliziki, chujio linaziba, gari linakosa nguvu. Mfumo huo pia unataka dizeli yenye salfa kidogo: ya Japani haizidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Magari mapya yanayoletwa rasmi kwa soko letu mara nyingi hayana mfumo huo. Uliza kabla ya kulipa.

Anayechagua Noah naye asiende kichwa kichwa. Gia boksi ya ile ya petroli isiyo hybrid ni CVT, otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua, na inataka mafuta yake, CVTF FE. Fundi akiweka ATF, mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda huo unaanza kuteleza na boksi linakufa. Reli za milango zinajaa vumbi, na waya wa mlango wa umeme unakatika ukilazimishwa kwa mkono. Kuhusu kodi ya Tanzania, injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 badala ya 10, lakini gari la miaka 8 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Noah ya 2014 inayoonekana rahisi kwenye tangazo inaliwa hapo. Tafuta ambayo haijafika miaka 8.

Kabla ya kulipia lolote kati ya magari haya, nenda yadi na familia nzima na kiti cha mtoto. Dereva arekebishe siti yake anavyoendesha, kiti cha mtoto kifungwe safu ya pili, halafu mtu mzima aliye mrefu kuliko wote apite kwenda nyuma bila kukifungua. Akae huko dakika 15, AC ikiwa imewashwa, mlango wa buti umefungwa na mabegi yenu halisi yakiwa ndani.