Moyo Haulindwi kwa Kupima Sketi

Kanisa letu hapa Goma limemaliza semina ya juma zima yenye kichwa «Linda Moyo Wako», na mimi niliyeihudhuria nimetoka humo na hasira ambayo mpaka leo haijapungua. Andiko la msingi lilikuwa Mithali 4:23, na mhubiri alikuwa hodari: sauti anayo, Maandiko anayajua, na machozi humjia kwa wakati wake. Lakini tangu ufunguzi hadi sala ya mwisho, jaribu alilolifahamu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limevaa sketi. Mabinti waliitwa mbele wakapigishwa magoti, ili mama wa ibada wahakikishe kwamba upindo wa nguo unagusa sakafu. Binti yangu alikuwa miongoni mwao, na jioni ile alikula kimya, akalala kimya. Zamu ya matoleo ilipofika, baba mmoja ambaye mtaa mzima unajua jinsi mizigo yake inavyovuka mpaka aliweka bahasha nene kapuni, na kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Nauliza kwa heshima zote: ni moyo wa nani uliokuwa ukilindwa pale? Ayubu alipotaka kujilinda, alifanya agano na macho yake mwenyewe, na sura ya 31 inalisema hilo katika mstari wake wa kwanza kabisa. Hakwenda kufanya agano na mafundi cherehani wa nchi ya Usi. Daudi naye, yule tunayemtaja kila mara tunapotaka kuwatisha mabinti, alikuwa juu ya dari ya nyumba ya mfalme wakati jeshi lake likiwa vitani, na nabii Nathani alipotumwa alimwendea mfalme, wala hakupita kwanza kwa Bathsheba, yule mke wa Uria aliyetamaniwa na mfalme, kumuuliza kwa nini alikuwa akioga. Simu, nakubali, ni shimo, na baadhi ya yale ambayo mhubiri alisema kuhusu vijana na simu zao usiku yalikuwa kweli tupu. Nimekubali, tuendelee.

Hatari inayotumaliza sisi Wakristo wa mji huu haiko kwenye upindo wa nguo. Sisi ni watu wa mpakani, tunaishi kwa kile kinachovuka Petite Barrière na Grande Barrière, vituo vyetu vya kuvukia kwenda Rwanda, na kati ya mzigo na soko kuna meza, na nyuma ya meza kuna ndugu katika Bwana. Mwaka jana nilifuatilia karatasi moja katika ofisi ambayo sitaitaja. Aliyenipokea alikuwa mtu mpole sana, na ukutani nyuma yake palitundikwa kalenda ya kanisa yenye Zaburi ya 23. Alilifungua faili langu, akalisoma, akalifunga, akaliweka upande wa kushoto juu ya mafaili mengine, kisha kwa kidole gumba akavuta droo ya meza mpaka nusu na kuiacha wazi. «Mama», akaniambia, «karatasi haina miguu.» Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu haya ndiyo mlinzi wa mwisho wa moyo, na kwake mlinzi huyo alikuwa ameondoka zamani. Sina shaka kwamba Jumapili ile aliimba kwaya.

Matabishi, yaani hongo, hayaingii moyoni kwa kishindo. Huanza na soda, kisha nauli, kisha «asante» ya baada ya kazi ambayo haina ubaya wowote, na siku moja asante hiyo inadaiwa kabla ya kazi kuanza. Akani, yule Mwisraeli aliyeiba nyara zilizokatazwa, alipobanwa na Yoshua alieleza mwendo huu kwa ufupi unaoumiza: aliona joho zuri la Shinari, na shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu yenye uzani wa shekeli 50, akavitamani, akavitwaa. Alivifukia ndani ya hema yake, na kwa dhambi hiyo Waisraeli wenzake wapatao 36 wakafa vitani mbele ya mji wa Ai. Hakuwaua kwa mkono wake. Pengine majina yao hakuyajua, na siku alipokuwa akichimba lile shimo hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo hemani kumtazama usoni. Jaribu la fedha hufanya kazi hivyo: humwondoa mbele yako yule atakayeumia, likakubakiza wewe na bahasha tu, na mtu aliyebaki peke yake na bahasha ameshashindwa nusu.

Kwa hiyo nasema kwamba kulinda moyo ni kukataa kumwondoa mtu huyo machoni, na kwa hili hatuhitaji mifano kutoka ng'ambo, kwa maana mmoja wetu alilifanya hapa hapa. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi ya kudhibiti bidhaa mpakani katika OCC, shirika la serikali la kukagua bidhaa, na mwaka 2007 akaletewa fedha ili aachilie chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa. Alizungumza na rafiki yake mtawa ambaye ni daktari, na swali lililomsumbua lilikuwa la wale watakaokula: fedha itaisha upesi, na hao je? Alitekwa tarehe 7 Julai, na siku mbili baadaye mwili wake ukaonekana. Alikuwa na miaka 26. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya wenyeheri, wale ambao Wakatoliki huwaweka hatua moja kabla ya kuitwa watakatifu, na nakiri kwamba tarehe 15 Juni 2025, Wakatoliki walipomtangaza Mwenyeheri kule Roma, baadhi yetu tuliguna. Lakini napenda nionyeshwe katika makanisa yetu mahubiri matatu tu kuhusu wadhibiti wa bidhaa, nami nitanyamaza. Kijana yule alikuwa karani mwenye mhuri. Vita yake ya kiroho ilipiganwa juu ya karatasi za forodha, na aliishinda kwa sababu watu wasiojulikana, wenye njaa, ambao wangenunua chakula kile sokoni, aliwaweka mezani pamoja na ile fedha.

Nathani alitumia njia hiyo hiyo. Hakuanza kwa kumtajia Daudi amri. Alimwonyesha kwanza maskini na mwana-kondoo wake mmoja aliyekuwa akila katika tonge lake, mpaka mfalme akawaka hasira kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa amemfikiria hata kidogo alipoandika ile barua ya kumuua Uria.

Najua nitakachojibiwa: njaa. Ni kweli, na asiyeijua njaa ya Goma asinihubirie. Baada ya mji huu kutekwa na waasi wa M23 Januari 2025, benki zake zilikaa miezi mingi zimefungwa, na baba mwenye watoto sita aliyefanya kazi bila mshahara hawezi kuhukumiwa sawasawa na yule anayejenga ghorofa Himbi. Lakini mama anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la Virunga analala na njaa ile ile, na ndiye tunayemvua fedha za mwisho pale mezani. Na wale wanaosema «Shetani alinijaribu» wasome Yakobo 1:14, ambapo Shetani hatajwi.

Mafuta ya upako yaliyouzwa mlangoni siku ya mwisho siyazungumzii, nisije nikatenda dhambi.

Mdogo wangu wa upande wa mama anafanya kazi katika ghala moja mjini, naye hanywi hata chai ya mteja kabla ya mzigo kukaguliwa, jambo ambalo limemfanya wenzake wamwite «Pasta» kwa dhihaka. Vijana aliowafundisha kazi sasa ni wakubwa wake. Tulipotoka kwenye semina nilimuuliza kama kuna siku ambayo kanisa, katika miaka yote hii, limemwita mbele atoe ushuhuda. Alicheka sana. «Yaya», akasema, «nitashuhudia nini mimi? Sina gari.»