Kizimba kinataka kilindi

Kwa mama samaki mmoja wa Gikomba, ngege wa ziwani na ngege wa katoni kutoka Uchina wamelala kwenye karai moja. Mteja huuliza bei kwanza. Walikotoka huuliza akiwa na muda. Ukimtajia mtu wa Nairobi vizimba vya kufugia samaki bahari kuu, atakwambia hayo ni mambo ya matajiri wa Norway.

Hajakosea sana. Ocean Farm 1, kizimba cha chuma kilichoundwa Qingdao, Uchina, na kuwekwa katika bahari ya Norway mwaka 2017, kina kipenyo cha mita 110 na nafasi ya samoni milioni 1.5. Mwaka uliofuata kiliinama upande mmoja, maelfu ya samaki wakatoroka. Na kampuni hazikujitosa peke yake: tangu 2015 serikali ilitoa leseni za bure kwa waliokuwa tayari kujaribu mitambo mipya. Hapa nani angebeba mzigo huo? Halafu kuna omena, dagaa wa ziwani. Akisagwa kuwa chakula cha mifugo na samaki, kitoweo cha mtaa wa mabanda wa Mukuru kinapungua. Hilo linaniuma, na kilindi hakilitibu.

Lakini tunaobishana juu ya bei ya vizimba vya chuma tumesahau maji. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba karibu na Kisumu waliamka wakakuta samaki wao wanaelea matumbo juu. Fikiria kinachotokea chini ya wavu ulio kwenye maji mafupi. Mabaki ya chakula na kinyesi hutua palepale, huoza, na kuoza kunakula oksijeni. Siku upepo ukiyavuruga maji, yale ya chini yasiyo na hewa hupanda juu. Samaki wa ziwani huogelea akaenda zake. Wa kizimba ataenda wapi? Mwenye kizimba amekopa, amelisha miezi, amebakiza wiki chache avue. Asubuhi moja anazika mtaji wake wote kwenye shimo la mchanga. Na jirani yake wa mita mia kadhaa anazika wake pia, kwa sababu wote waling'ang'ania ghuba moja yenye utulivu.

Utulivu huo ndio mtego. Kilindini mkondo hupita na uchafu husambaa. Kusi je? Ni kweli, likivuma, hata mvuvi mzoefu wa Pwani husita kutoka. Ndiyo sababu kuna vizimba vya kuzamishwa chini ya mawimbi mpaka bahari itulie. Panama wamemfuga songoro namna hiyo, na songoro ni samaki wetu pia.

Sisemi tukanunue mtambo wa Qingdao. Ila tunapotoa kibali cha kizimba, iwe ziwani au Kilifi, mimi ningeanza na kamba yenye jiwe: ishushwe, ipimwe ni mita ngapi hadi chini, na maji yanaelekea wapi.