Dola tatu kwa siku na debe la Februari

Kila ifikapo Oktoba 17, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Umaskini, takwimu hutangulia. Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku. Idadi ya maskini duniani ikaongezeka kwa zaidi ya milioni 100, ingawa maisha ya watu hao hayakubadilika siku hiyo. Je, kipimo cha namna hii kinatusaidia kuuelewa umaskini wa Kongwa, Bahi au Chamwino, wilaya za mkoa wa Dodoma?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Bila kipimo kimoja, fungu la bajeti litakwenda kwa mwenye sauti kubwa. Kwetu, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake; vijijini, asilimia 31.3. Hata chakula ambacho kaya imelima na kukila yenyewe huhesabiwa. Hiyo ni kazi ya maana, wala si ya kubezwa.

Tatizo huanza takwimu zinapotangazwa. Wengi huzidisha dola 3 kwa bei ya benki, na hapo hukosea. Hizo ni dola za uwezo wa kununua, yaani shilingi zinazotosha kununua hapa kile ambacho dola 3 zingenunua Marekani kwa bei za 2021. Kwa kuwa chakula na kibarua hapa ni nafuu zaidi, shilingi hizo ni chache kuliko jibu la kuzidisha. Ukikosea hapo unauweka mstari juu mno, unamhesabu maskini mtu ambaye hahusiki, na aliye maskini kweli hapati nafasi ya kuonekana.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba wastani hauna miezi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kwa kawaida milimita 500 hadi 600. Mavuno huja kati ya Mei na Julai, na hapo hapo madeni hudai: mkopo wa mbegu, matibabu, sare na michango ya shule. Tuchukue mfano. Kaya imevuna magunia sita ya mahindi, ikauza matatu Juni kwa shilingi 50,000 kila moja. Februari gunia likifika 100,000, fedha ile ile 150,000 inarudisha gunia moja na nusu tu. Kama mnunuzi alishindilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kaya ilipoteza madebe mengine bila kulipwa.

Februari ndiyo yenye madhara ya kudumu. Ghala likiisha, baba na mama huenda kupalilia shamba la mtu mwingine wapate debe la mahindi, huku la kwao likifunikwa na magugu. Mavuno yajayo hupungua palepale, kabla hata mvua haijakatika. Njaa ya mwaka huu ndiyo inayoandaa ya mwakani, na hilo dola 3 haziwezi kulionyesha.

Wataalamu wengi hujibu: wahifadhi. Ni kweli, kwa masharti. Mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko ya plastiki ndani, hufanya kazi kwa sababu wadudu kama dumuzi na fukusi huishiwa oksijeni, ila mahindi yawe makavu. Kupima ukavu, tia punje kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza chumvi kavu vijiko viwili, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, anika tena, vinginevyo ukungu utaingia. Funga kila mfuko wa ndani peke yake baada ya kukamua hewa. Panya akitoboa tundu moja kazi yote imeharibika. Na mfuko unaofunguliwa kila siku kuchota mahindi ya ugali wa jioni haulindi chochote, kwa hiyo wa Februari utengwe na usiguswe.

Hata hivyo, kumwambia mwenye deni la Juni ahifadhi ni kumlaumu kwa jambo asiloamua yeye. Na mwaka mvua ikikatika Januari, hakuna cha kuhifadhi. Mtama na uwele huvumilia zaidi, lakini kweleakwelea huvamia na mtu wa kuamia ndege lazima awepo shambani kutwa.

Kwa hiyo takwimu zibaki kwa ajili ya mipango na bajeti, ila anayetaka watu wauelewe umaskini wa hapa aanze na kalenda. Hata ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini ingejadiliwa kwa mwezi inapofika mkononi kama inavyojadiliwa kwa kiasi chake. Ikifika Juni inazuia gunia lisiuzwe; ikifika mwishoni mwa Januari inamrudisha mpaliliaji shambani kwake. Binafsi ningeanza na Juni, kwa kuwa gunia lililobaki ghalani ndilo litakalolisha wapaliliaji Februari.