Kuruta na Mdogo Wake

Jamani, kuitwa jeshini peke yako ni balaa. Kuitwa huku mdogo wako kakung'ang'ania suruali, hilo tuliite nini? Wahispania waliliita kichekesho, tena mara mbili! Mwaka 1956 walitoa filamu ya Recluta con niño, yaani kuruta na mtoto, mwigizaji José Luis Ozores akiwa kuruta wa shamba. Mwaka 1970 mwongozaji Ramón Fernández akairudia kwa jina la Cateto a babor: safari hii jeshi la wanamaji, na Alfredo Landa ndiye mwenye kofia na mtoto.

Watu wanacheka, mimi nanung'unikia makaratasi. Mili, yaani jeshi la lazima, haikuwa na "samahani, nina shughuli". Ila sheria iliacha kijidirisha: prórroga de primera clase, kuahirishiwa kwa kijana ambaye nyumbani wanamtegemea yeye. Unaandikishwa halmashauri ya mji wako, unapimwa urefu, wanakukagua hadi nyayo (nyayo bapa zilikuwa bahati, si ugonjwa), kisha unaulizwa una udhuru gani. Hapo ndipo pa kutoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo na ushahidi wa ufukara wako. Ukikaa kimya kwa adabu, umeumia. Na mtu wa shamba mbele ya karani hujibu nini? "Sina neno, bwana."

Basi kambini sasa. Kila kitu kule huenda kwa vichwa: kitanda kimoja, sahani moja, jina moja kwenye orodha. Mtoto hayumo kwenye orodha, kwa hiyo hali wala halali, ila analia, na kilio hakihitaji orodha. Usiku kuna imaginaria, zamu ya kukesha bwenini wenzako wakikoroma. Ya kwanza inavumilika, unachelewa kulala tu. Ya pili ndiyo laana: unalala kidogo, unaamshwa, unasimama kama nguzo, unarudi kitandani usingizi umeshahama. Na mtoto hataki mkojo ila saa hiyohiyo!

Halafu saluti. Hupigwa kwa mkono wa kulia, na mtoto keshaukamata huohuo. Mhamishie wa kushoto, wa kushoto una petate, lile begi la turubai lenye mali yako yote ya serikali. Ofisa huyo anakuja, yuko hatua tano. Begi alishike nani, sajini?