Kujua Kidogo Kuhusu Kila Kitu: Lalamiko la Wanafunzi wa Uhandisi wa Kibaiolojia

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa kibaiolojia akiulizwa masomo yanakwendaje, mara nyingi jibu lake la kwanza ni kwamba anajua kidogo kuhusu kila kitu na hakuna anachokijua kwa kina. Amepitia kalkulasi, fizikia, kemia, fiziolojia, saketi za umeme, mwendo wa vimiminika, takwimu, uandishi wa programu na sayansi ya vifaa vinavyopandikizwa mwilini. Akikaa na mwenzake wa uhandisi wa umeme anaona saketi zake ni za mwanzo tu, na akikaa na mwenzake wa udaktari anaona fiziolojia yake ina mapengo. Lalamiko hili nililitoa mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, kisha nikalisikia tena kwa miaka kadhaa nikiwa msaidizi wa maabara. Siwaungi mkono wanaolipuuza kama manung'uniko ya vijana, wala wanaolichukua kuwa ushahidi tosha kwamba shahada hii haina msingi.

Wanaoitilia shaka shahada yenyewe wana hoja nzito. Wanasema kifaa cha tiba hakitengenezwi na mtu mmoja mwenye vipande vya kila fani. Kinatengenezwa na watu wawili watatu ambao kila mmoja ameizamia fani yake. Mfano wanaopenda kuutoa ni wa kidhibiti mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini kwa mara ya kwanza nchini Sweden mwaka 1958, kazi ya daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa hicho kilidumu kwa saa chache tu kabla ya kubadilishwa, lakini mgonjwa aliyewekewa, Arne Larsson, aliishi hadi mwaka 2001. Bingwa wa upasuaji na bingwa wa elektroniki walitosha, wanasema. Ya nini basi kumfundisha kijana nusu ya hiki na nusu ya kile?

Tatizo la mfano huo ni kwamba unasimuliwa nusu. Elmqvist alikuwa amesomea udaktari kabla ya kujikita katika uhandisi. Ni vigumu kuamini kwamba jambo hilo halikurahisisha mazungumzo yake na Senning. Upo pia mfano wa upande mwingine, nao ni mchungu zaidi. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada dozi zilizopita kiasi kwa mbali sana, na baadhi yao wakafariki. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya usalama vya kimitambo. Katika hii, sehemu kubwa ya kazi hiyo iliachiwa programu ya kompyuta, na programu ilikuwa na kasoro. Msomi anayejua kuandika programu lakini hajawahi kujiuliza dozi hiyo inafanya nini ndani ya tishu ya mtu hawezi kuiona hatari hiyo mapema. Kwa hiyo upana una kazi yake, na kazi hiyo si ndogo. Swali linalobaki ni kama vyuo vinaufundisha upana huo au vinaurundika tu.

Mahali nilipoanza kulielewa swali hili ni katika zoezi la mchoro wa umeme wa moyo. Wanafunzi watatu au wanne hupewa elektrodi za kubandika kwenye ngozi ili kunasa umeme wa mwili, amplifaya (saketi ya kukuza ishara) waliyoijenga wenyewe, na kompyuta. Ishara ya moyo inapofika juu ya ngozi ni kama milivolti 1 tu, kwa hiyo kinachotokea kwenye kioo cha kompyuta mwanzoni huwa si mapigo ya moyo. Huwa ni wimbi nene la hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa nchi husika, linalotoka katika nyaya za ukutani na taa za juu. Kundi moja nililolisimamia lilikaa dakika arobaini likibadilisha vipande vya saketi kimoja baada ya kingine, likiamini kosa limo kwenye ubao wa saketi. Ndipo mmoja wao akauliza waya unaobandikwa kwenye mguu wa kulia unapima nini, maana katika hesabu zao haukuonekana popote.

Jibu ni kwamba haupimi kitu. Saketi inachukua kelele inayoonekana kwa usawa katika elektrodi nyingine, inaigeuza, kisha inairudisha mwilini kupitia waya huo ili kelele ipungue. Mwili wa yule aliyelala mezani umekuwa sehemu ya saketi, na mchoro wowote wa saketi usiomweka mtu ndani yake ni mchoro usiokamilika. Kutoka hapo maswali yalifuatana yenyewe. Kwa nini elektrodi ina fedha na kloridi ya fedha? Kwa sababu ndani ya mwili chaji hubebwa na ioni, ndani ya waya hubebwa na elektroni, na kwenye mpaka wa viwili hivyo lazima pawepo mmenyuko wa kikemia unaokwenda na kurudi bila kukwama. Kwa nini ngozi isuguliwe kwa pamba yenye spiriti? Kwa sababu mafuta na seli zilizokufa huzuia umeme kupita. Wakasugua, wakasokota nyaya pamoja, na mapigo yakatokea kwenye kioo, kilele kimoja baada ya kingine. Msichana aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Kumbe ile kemia ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya hapa."

Sentensi hiyo sijaisahau. Kati ya ile kemia na meza ile ilikuwa imepita miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna mhadhiri hata mmoja aliyemwambia kwamba viwili hivyo vitakutana. Ndiyo maana nashikilia kwamba lalamiko la kujua kidogo kuhusu kila kitu, ukilichunguza, ni lalamiko la umbali. Wanafunzi wengi hawachoshwi na wingi wa masomo peke yake. Wanachoshwa na kupewa vipande vya nguo na waalimu tofauti, kila mmoja kwa kipimo chake, halafu kazi ya kushona ikaachwa bila fundi.

Waalimu nao wana la kusema, na haki lazima itendeke kwao. Fiziolojia mara nyingi hufundishwa na idara nyingine, katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi ambao wahandisi ni wachache kati yao. Mhadhiri hawezi kuupindisha mhadhara kwa ajili ya safu mbili za nyuma. Mpangilio wa masomo nao haukutokea ovyo. Mtu asiyejua kalkulasi hawezi kuufuata mwendo wa damu mshipani kwa hesabu, na asiye na hesabu hiyo atabaki na maneno matupu. Chukua kanuni ya Poiseuille, ambayo inasema kwamba kipenyo cha mrija kikipungua kwa nusu, kwa tofauti ile ile ya shinikizo, mtiririko hupungua mara 16. Hakuna njia ya mkato ya kuielewa hiyo 16, na mwalimu anayesisitiza hatua zote za hesabu hamkomoi mtu.

Lakini kanuni hiyo hiyo inaonyesha pengo lilipo. Inachukulia kwamba mrija ni mgumu, kwamba mtiririko hautikisiki, na kwamba kimiminika kina mnato ule ule wakati wote. Mishipa mikubwa ya damu hutanuka, moyo husukuma kwa mapigo, na damu hubadilika mnato kadiri kasi yake inavyobadilika. Mhadhiri wa fiziolojia hutaja mambo hayo matatu bila kanuni. Mhadhiri wa vimiminika hutaja kanuni bila mambo hayo matatu. Mtihani huuliza kanuni. Mwanafunzi anapata alama zake zote bila kuwahi kuulizwa kanuni inakoma kufaa wapi, ilhali swali hilo ndilo hasa linalomtofautisha mhandisi wa kibaiolojia na mhandisi wa mabomba.

Dawa ambayo vyuo vingi vimeijaribu ni kufundisha kwa matatizo na miradi, mtindo uliopata umaarufu katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha ukaenea hadi katika uhandisi. Hapa wanafunzi wana lalamiko jingine, kali kuliko la kwanza: mwalimu hafundishi. Wanapewa tatizo la kiungo bandia au la kipima sukari, wanaambiwa watafute, na wiki ya tatu bado wanabishana tatizo lenyewe ni nini.

Katika hili utafiti unawapinga kwa kiasi kikubwa, na ni vizuri wakaambiwa wazi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, ulikuta kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale walioshirikishwa darasani. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanywa katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, ulileta jambo la kushangaza zaidi: wanafunzi walioshirikishwa walipata alama bora katika majaribio, lakini wao wenyewe waliamini wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara uliopangika huteleza masikioni, na ule utelezi mtu huudhani kuwa ni uelewa. Kuhangaika na tatizo huacha hisia ya kushindwa hata pale ambapo akili imepiga hatua.

Basi je, maoni ya wanafunzi yawekwe kando? Naona wahadhiri kadhaa wameufurahia utafiti huo wa pili kwa sababu isiyo njema, kana kwamba sasa kila lalamiko ni uthibitisho wa ufundishaji mzuri. Madarasa yaliyolinganishwa Harvard yalifundishwa na waalimu wazoefu, kwa vifaa vilivyoandaliwa kwa uangalifu na maudhui yaliyolingana pande zote mbili. Hali hiyo haifanani na mwalimu anayegawa karatasi moja ya tatizo kisha akatoweka hadi siku ya mawasilisho. Mwanafunzi anayesema "hatufundishwi" anaweza kuwa anakosea kuhusu kiasi alichojifunza na wakati huo huo akawa sahihi kabisa kwamba hakuna aliyekaa naye mezani. Ule waya wa mguu wa kulia ulifumbuka kwa sababu alikuwepo mtu wa kuulizwa. Bila mtu huyo, kundi lile lingeendelea kubadilisha vipande hadi muda uishe. Suala la alama za pamoja, ambapo mmoja anafanya kazi na watatu wanavuna, ni la kweli pia, ingawa dawa yake inajulikana: kila mmoja ahojiwe peke yake kuhusu mradi mzima.

Upande wa majaribio ya seli ni mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiko wanafunzi wanakoonewa hasa. Saketi iliyoharibika hutengenezwa siku hiyo hiyo. Seli za mamalia zinazokuzwa maabarani nyingi huhitaji kama siku moja kugawanyika mara moja, kwa hiyo jaribio huchukua wiki, na chupa moja ikiingiliwa na bakteria kazi yote hurudi mwanzo. Nilimkuta mwanafunzi asubuhi moja amesimama mbele ya sinki na chupa ya seli mkononi. Kimiminika cha kulishia seli, kilichokuwa chekundu, kilikuwa kimegeuka njano na kuwa na ukungu, dalili kwamba kuna kilichoota humo na kukifanya kuwa na asidi. Alitaka kuimwaga kabla msimamizi hajafika, kwa sababu alama za kozi ile zilitolewa kwa grafu ya mwisho na chupa ile isingempa grafu.

Wapo watakaosema kwamba nidhamu ya usafi ni sehemu ya taaluma, na kwamba kazini hakuna atakayempongeza kwa chupa iliyooza. Ni kweli. Ila kazini chupa hiyo huandikwa, tarehe na saa, na huchunguzwa uchafu umeingilia wapi. Kozi inayotoa alama kwa matokeo peke yake humfundisha mwanafunzi kuficha, nami sijui somo baya kuliko hilo kwa mtu ambaye kesho atajaribu vipandikizi vitakavyowekwa ndani ya miili ya watu. Alama nyingi zingetolewa kwa daftari la maabara, ule uchafu ungekuwa ukurasa bora kuliko zote za muhula. Tuliimaliza asubuhi ile tukiandika, mimi na yeye, na chupa ikaenda kwenye chombo cha kuua vijidudu baada ya kupigwa picha.

Kuhusu umbali kati ya masomo, silioni suluhisho katika kuongeza kozi nyingine juu ya zile zilizopo, kwa kuwa ratiba imejaa. Ninachokiona kinawezekana ni kubadilisha maswali. Katika kozi moja niliyosaidia, mhadhiri aliweka swali moja jipya katika mtihani wa mwisho: chora njia ya ishara kutoka kwenye seli ya moyo hadi kwenye kioo cha kompyuta, na katika kila hatua eleza ni nini kinachobeba chaji. Wengi walianguka. Walikuja ofisini kwa makundi kulalamika kwamba swali hilo halikuwemo katika maandishi ya somo lolote walilofundishwa. Mhadhiri alifungua maandishi ya masomo yote, moja baada ya jingine, nami nikiwa pembeni yake, na tukakuta wanasema kweli. Muhula uliofuata swali lile lilihamishwa kutoka kwenye mtihani likawa zoezi la wiki ya kwanza.